Sura ya Sita: Ajuaye Kunguni wa Kitanda

Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga kilizidiwa na wageni. Ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko mwembamba wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mgongoni kimeegemea milima, usoni kuna maji, na mpaka wa Burundi uko jirani kabisa. Mwezi mmoja kabla, chama tawala cha Burundi kilikuwa kimempitisha Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, Bujumbura ikachafuka, na watu wakaanza kuondoka. Ndani ya majuma machache ufuko ule ulijaa makumi ya maelfu ya watu. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa yalichotwa ziwani, kipindupindu kikaingia. Barabara ya kuwatoa haikuwapo. Iliyokuwapo ni MV Liemba, meli kongwe iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, nayo haikuweza kusogea hadi ufukoni. Watu walipakiwa kwenye maboti, wakapelekwa hadi ubavuni mwa meli, wakavutwa juu. Watoto walipanda kwa kupokezanwa, mkono hadi mkono, kama mizigo.

Chukua mmoja wa watoto wale, tuseme wa miaka minne. Majuma mawili baadaye yuko Nyarugusu, wilayani Kasulu, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na ambayo sasa inapokea Warundi kwa mabasi. Siasa za muhula wa tatu hazijui. Anachojua ni kwamba palikuwa na mkono uliomwachia na mkono uliomdaka, na katikati palikuwa na maji. Tangu siku ile, akishikwa kiunoni ili anyanyuliwe, anauma. Mwalimu wa chekechea, mtu mwema mwenye cheti chake safi, anaandika daftarini: mtoto mkorofi. Mama wa hema la pili, aliyepanda meli ileile, haandiki kitu. Anachuchumaa, ananyoosha mkono, anamwacha mtoto aje mwenyewe. Akishafika, anamwambia neno moja la Kirundi: humura. Usiogope, tulia, nipo hapa. Yote hayo katika neno moja.

Mtoto huyu na mama huyu ni wa mfano. Ufuko, meli na neno lile ni vya kweli, na tofauti kati ya daftari la mwalimu na mkono wa yule mama ndiyo habari ya sura hii. Wahenga walikwisha kuisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetaka kumlea mtoto aliyekimbia vita hana budi kuwatafuta waliolala kitanda hicho, awape nafasi, awasikilize, awalipe. Ila methali ina upande wa pili ambao mashirika mengi huusahau: kumjua kunguni si sababu ya kulazwa tena naye. Nitaanza na upande wa kwanza.

Akina Dann na watoto sita

Jambo hili halikuzuliwa na mashirika ya siku hizi. Mwezi Agosti 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha, ndege zilipeleka Uingereza watoto walionusurika katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt, nchini Chekoslovakia. Miongoni mwao walikuwamo sita wa umri wa miaka mitatu hivi, wavulana watatu na wasichana watatu. Wazazi wao, Wayahudi wa Kijerumani, waliuawa muda mfupi baada ya watoto kuzaliwa. Wengi wao walifikishwa kambini kabla hata ya kutimiza mwaka, wakakulia katika wodi ya watoto wasio na mama. Mwezi Oktoba walihamishiwa katika nyumba iliyoitwa Bulldogs Bank, kijiji cha West Hoathly, Sussex.

Waliowapokea ni ndugu wawili, Sophie na Gertrud Dann. Kazi waliijua: wote wawili walikuwa wameongoza idara katika vituo vya kulelea watoto wa vita huko Hampstead, London, vilivyoanzishwa na Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham. Lakini walikuwa pia wakimbizi, Wayahudi wa Augsburg waliolazimika kuihama Ujerumani. Anna Freud mwenyewe alikuwa mkimbizi. Aliondoka Vienna na baba yake mwaka 1938, baada ya Wanazi kuitwaa Austria.

Watoto sita wale walivunja vitu vya kuchezea, wakaharibu samani, wakawapiga watu wazima, kuwauma na kuwatemea mate. Kwa jinsi walivyoonekana siku za mwanzo, mtu angeweza kusema wameharibika moja kwa moja. Lakini wenyewe kwa wenyewe walikuwa kitu kingine. Hawakukubali kutenganishwa hata kwa dakika. Mezani, kumpitishia mwenzako chakula kulikuwa muhimu kuliko kula. Wivu, ambao kila mwenye watoto wawili nyumbani anaujua, hawakuwa nao. Walezi wao hawakukimbilia kuuvunja umoja ule ili watoto wawapende wao. Waliuheshimu, wakaupitia kama mlango, na pole pole watoto wakaanza kuwaingiza watu wazima katika mzunguko wao. Anna Freud na Sophie Dann waliyaandika haya kwa kina mwaka 1951, na andiko hilo limesomwa na vizazi vya wataalamu wa malezi.

Hakuna awezaye kupima ni kiasi gani cha subira ile kilitoka darasani na kiasi gani kilitoka njiani. Lakini jambo moja halihitaji mizani. Watoto wale walizungumza Kijerumani, lugha ambayo katika Uingereza ya mwaka 1945 ilikuwa lugha ya adui. Kwa akina Dann ilikuwa lugha ya jikoni kwa mama yao. Mtoto aliposema neno, hakuna aliyeshtuka.

Lupango ya nani?

Sisi wa huku tunapenda kuamini kwamba Kiswahili kinamaliza kazi. Mkongo wa Fizi anasema Kiswahili, mhudumu wa Kasulu anasema Kiswahili, basi yamekwisha. Hayajaisha. Kisamvu chetu kwao ni sombe. Ugali ni bugali. Haya ni madogo, mtu huyazoea kwa siku mbili. Lakini lipo neno lupango. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, huko Katanga, lupango ni kiwanja chenye nyumba, ua wa familia, pale mtu anapoita kwetu. Mitaani Dar es Salaam, lupango ni jela. Mtoto wa Katanga akisema amemwacha babu lupango, anasema babu amebaki nyumbani. Mhudumu asiyejua ataandika kwenye fomu kwamba babu amefungwa. Na fomu ya mkimbizi ina miguu: itamfuata mtoto katika mahojiano, miaka itapita, na siku moja mtu mwingine atamuuliza mama yake kwa ukali kwa nini maelezo ya familia hayalingani.

Mkongo mmoja mezani angelimaliza hilo kwa kicheko.

Tena mtoto wa miaka mitatu mara nyingi hajafika hata kwenye Kiswahili. Anaota kwa Kibembe, analia kwa Kifuliiru, anabembelezwa kwa Kirundi. Warundi wana ibihozo, nyimbo za kumtuliza mtoto mgongoni. Wana Samandari, mjanja wa hadithi ambaye kila mkubwa anamchekea. Vitu hivi havimo katika sanduku la vifaa linaloshushwa kutoka kwenye lori, lenye mipira, rangi na picha za wanyama. Vimo ndani ya watu waliokuja na lori la kabla yake, wale wanaopangwa foleni ya mgao.

Kuna pia suala la mchezo. Mtoto hucheza anachokiona, na kambini anaona foleni. Utamkuta amepanga wanasesere wa udongo mstari mmoja, kila mmoja anapimiwa mchanga kwa kifuniko cha soda: huo ni mchezo wa rasheni. Mwingine anacheza kukimbia. Watu wanafunga mizigo, wanavuka, wanafika. Mgeni akiutazama mchezo huo huenda akaingiwa na huruma, akauzuia, akaleta mpira. Aliyepitia safari ile hutazama mwisho wake. Mchezo unaobadilika, ambao leo watu wamefika na kesho wamepika, ni mtoto anayejitibu. Mchezo unaorudi uleule kila siku, ukikwama palepale kwenye kuvuka, bila kicheko, ni mtoto anayeomba msaada. Wataalamu wa akili za watoto wanaitambua tofauti hiyo na kuifundisha. Mama wa hema la pili anaweza kuinusa, kwa sababu anajua safari ilikwama wapi.

Kutoka Chad hadi Bangladesh

Mashirika yaliyolielewa hili yapo. Mashariki mwa Chad, katika kambi ya Goz Amer inayohifadhi watu wa Darfur, shirika la iACT la Marekani lilianzisha mwaka 2013 shule ya awali iitwayo Little Ripples. Walimu wake ni wanawake wakimbizi, na masomo yalitungwa pamoja nao: nyimbo zao, hadithi zao, na mazoezi ya kutuliza pumzi kwa watoto waliozoea kushtuka. Baadaye mpango huo ukatoka kwenye majengo ukaingia majumbani. Ua wa mkimbizi mmoja unakuwa shule ya watoto wa jirani. Gharama inapungua, lakini faida kubwa ni nyingine: mtoto anajifunza mahali panapofanana na nyumbani, chini ya macho ya mtu ambaye mama yake anamjua kwa jina.

Nchini Bangladesh, baada ya Warohingya zaidi ya 700,000 kuvuka kutoka Myanmar kuanzia Agosti 2017, shirika la BRAC lilifungua vituo vya michezo katika kambi za Cox's Bazar. Lingeweza kuleta nyimbo za Dhaka. Badala yake wahudumu walizunguka kwa wazee na akina mama wakikusanya kabbya, mashairi mafupi ya watoto wa Kirohingya ambayo huimbwa kwa kupiga makofi na kucheza. Hayo yakawa ndiyo mtaala, na wasichana na wanawake wa Kirohingya wakafundishwa kuyaongoza. Kwa watu walionyimwa uraia na Myanmar, mtoto kuimba kwa lugha yake mbele ya mtu mzima anayemwitikia ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Wenye shaka huuliza: nyimbo sawa, lakini majeraha ya moyo si kazi ya daktari? Jibu mojawapo liko Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Watafiti walioongozwa na Frank Neuner waliwafundisha wakimbizi wa kawaida, wasio na elimu ya utabibu, kuwatibu wenzao waliosumbuliwa na athari za vita. Wagonjwa 277, Wanyarwanda na Wasomali, walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika makundi mawili yaliyopata tiba kutoka kwa wakimbizi wale, asilimia 70 na asilimia 65 hawakuwa tena na ugonjwa walipopimwa baadaye. Katika kundi lililofuatiliwa tu bila tiba, ni asilimia 37. Wagonjwa wale walikuwa watu wazima, na hatuwezi kuyachukua matokeo hayo tukayavisha watoto. Lakini anayeishi na mtoto mdogo ni mtu mzima. Usingizi wa mama ukirudi, wa mtoto nao huanza kurudi.

Angalia pia neno linalojirudia katika mifano yote: kufundishwa. Akina Dann walikuwa na taaluma. Walimu wa Goz Amer walipata mafunzo. Wakimbizi wa Nakivale walifunzwa na kusimamiwa. Hakuna aliyeokotwa njiani akaambiwa, wewe umeteseka, kwa hiyo unajua.

Kunguni hao hao

Hapa ndipo methali inapogeuka. Kwanza, mlezi mkimbizi anauelewa uchungu wa mtoto kwa sababu ni wake pia. Mtoto akisimulia moto, yeye anaona nyumba yake ikiungua. Asipokuwa na mtu wa kumsikiliza, atafanya mojawapo ya mawili: atamnyamazisha mtoto ili ajinusuru, au atabeba mizigo yote miwili hadi aanguke. Kituo kisichotenga saa kila juma kwa walezi kukaa, kupumua na kuzungumza na msimamizi mwenye ujuzi kinawatumia walezi kama betri: zikiisha, zinatupwa.

Pili, mkimbizi si kabila. Nyarugusu wamo Wabembe, Wafuliiru, Wanyamulenge na Warundi wa kila namna, na baadhi yao wamekimbiana wao kwa wao. Mlezi anaweza kuwa kimbilio kwa mtoto mmoja na tishio kwa mama wa mwingine, kwa jina lake tu au kwa lafudhi. Anayeajiri kwa kigezo cha ukimbizi peke yake ameyafumbia macho yaliyowakimbiza. Ni lazima kuuliza, tena kuwauliza wazazi: mwanao yuko tayari kushikwa na nani?

Tatu ni pesa. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali. Kazi anayoifanyia shirika ndani ya kambi haihesabiwi kuwa ajira, na anacholipwa hakiitwi mshahara. Huitwa posho, au motisha, nacho ni sehemu ndogo ya kile anacholipwa mwenyeji anayekaa meza ya pili kwa kazi inayofanana. Wapo wenye hoja za kisheria na za bajeti, na hoja hizo zisipuuzwe. Lakini shirika linaloandika kwenye ripoti kwamba uzoefu wa wakimbizi ni hazina, kisha likailipa hazina hiyo bei ya sabuni na sukari, limejieleza lenyewe.

Nne, na hili ndilo huuma zaidi, ni nani anayeamua. Mara nyingi mkimbizi huitwa kazi ikiwa imeshapangwa. Anaombwa atafsiri, aimbe, awakusanye akina mama, asimulie kisa chake mbele ya wafadhili huku kamera zikiwa wazi. Kisha mlango wa kikao unafungwa, na wanaobaki ndani wanapanga saa za kituo, chakula cha watoto na nani aendelee na kazi mwakani. Kumwita mtu asimulie kidonda chake kila mgeni anapokuja ni kumlaza kwenye kitanda kile kile, safari hii mchana kweupe. Akina Dann hawakuitwa Bulldogs Bank kutoa ushuhuda. Walikabidhiwa nyumba.

Ikiwa kazi ni yako

Msomaji wangu huenda ni mwalimu Kibondo, afisa ustawi wa jamii Kasulu, mfadhili Nairobi, au Mkongo aliyehamishiwa Marekani kutoka Nyarugusu, ambaye sasa anaitwa kila juma kuwatafsiria waliofika baada yake. Kwenu nyote nina maneno machache.

Waite wakimbizi mapema, kabla karatasi haijaandikwa. Anza na swali ambalo kila mama anaweza kulijibu: kwenu, mtoto akishtuka usiku, mnafanyaje? Majibu yake ni nusu ya mtaala.

Wafundishe, na mafunzo yaishie kwenye cheti kinachotambulika ng'ambo ya mpaka. Tangu mwaka 2017 Warundi kwa makumi ya maelfu wamerejea kwao, na kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Wako mameneja wanaolalamika kwamba mlezi uliyemfundisha anaondoka. Aondoke. Anakwenda kuwalea watoto waliokimbia na kurudi, katika nchi inayomhitaji. Kinachoumiza ni kumwacha aondoke mikono mitupu, miaka yake ya kazi ikiwa haina hata karatasi.

Mlipe kadiri sheria inavyoruhusu, na pale sheria inapokubana, sema hadharani kwamba inakubana. Mpe mlezi haki ya kusema leo siwezi. Na usimgeuze mtoto kuwa mkalimani wa mama yake. Katika miji ya Marekani ambako Wakongo wamehamishiwa, mtoto hukijua Kiingereza kabla ya wazazi, na siku moja anajikuta hospitalini akimweleza daktari maradhi ya mama ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Mtu mzima aliyetangulia kupita njia hiyo ndiye wa kukalia kiti kile.

Hapa nyumbani hatuhitaji kwenda mbali kuwatafuta waliotangulia. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokewa Tanzania na kupewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kukamilika kwa utaratibu wa kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1972 sasa amepita miaka hamsini. Ana wajukuu, ana shamba, ana kadi ya kupigia kura. Anajua mtoto aliyefika bila kitu anahitaji nini siku ya kwanza, mwezi wa kwanza na mwaka wa kumi, kwa sababu miaka hiyo yote ameihesabu mwenyewe. Kabla hujaagiza mtaalamu mwingine kwa ndege, nenda kamuulize. Tena nenda na kiti, na nafasi yake kwenye kikao.